Nargis na Meena Kumari: tuwapime kwa kipimo gani?

Binti wa Langoni, Lamu, anauliza:

Assalaam aleikum, wapenzi wa picha za Kihindi za zamani. Nina jambo ambalo nyumbani kwetu limebishaniwa tangu kabla sijazaliwa, na sasa nimetwikwa mimi kulisemea mbele za watu. Mamangu, aliyeziona picha hizi katika majumba ya sinema ya Mombasa alipokuwa msichana akikaa kwa ami yake, hakubali kwamba Bombay iliwahi kutoa mwigizaji wa kike aliyempita Nargis. Mama mdogo, ambaye ni nduguye wa tumbo moja, aliziona baadaye kwa mikanda ya vidio hapa hapa Lamu, naye husema kwamba Nargis alikuwa hodari, lakini Meena Kumari alikuwa kitu kingine kabisa. Wakishaanza, kahawa hupoa.

Mwezi ujao, baada ya sala ya Isha, tutaonyesha picha mbili uani kwetu kwa projekta ya kuazima, ukuta wa chokaa ukiwa ndio pazia, na watakaokuja ni kina mama na wasichana wa mtaa. Nimeombwa niseme maneno machache kabla ya kuanza. Sitaki kusimama pale na kusema kwamba wote wawili walikuwa wazuri kila mmoja kwa namna yake, kwa sababu maneno hayo hayamwongezei msikilizaji chochote.

Nilijaribu kwanza kuhesabu tuzo. Meena Kumari alipata tuzo ya Filmfare, ambayo hutolewa kwa picha za Kihindi, ya mwigizaji bora wa kike mara 4, ya kwanza ikiwa ya Baiju Bawra mwaka 1954, ambao ndio mwaka tuzo hizo zilipoanza kutolewa, kisha ya Parineeta, ya Sahib Bibi Aur Ghulam na ya Kaajal. Nargis aliipata mara moja tu, kwa Mother India. Kama hesabu ingetosha, mama mdogo angekuwa ameshinda na tungelala. Lakini Nargis huyo huyo alitunzwa katika tamasha la picha la Karlovy Vary, Chekoslovakia, mwaka 1958, na ndiye mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya taifa la India ya mwigizaji bora, kwa Raat Aur Din ya mwaka 1967. Basi hesabu haikunifikisha mbali.

Swali langu ni hili: mnapoitazama kazi ya mwigizaji, mnatazama nini hasa? Na je, ni haki kumlinganisha aliyeiacha kazi karibu yote akiwa na miaka 28, baada tu ya picha yake kubwa kuliko zote, na aliyeifanya karibu mpaka kufa?

Mwalimu Mstaafu, Malindi, anajibu:

Waaleikum salaam, binti yangu. Swali lako umelianza vizuri kwa kuziweka tuzo kando, maana tuzo hutueleza zaidi kuhusu watoaji kuliko wapokeaji. Nami nitaanza mahali ambapo pengine hukutarajia, nako ni kwetu sisi watazamaji.

Wengi wetu wa pwani hii tulizitazama picha hizo bila kuijua lugha yake. Ukumbini palikuwa na mtu mmoja au wawili waliojidai kuwa wanaelewa, wakawafasiria wenzao kwa sauti ya juu, na nusu ya tafsiri yao ilikuwa ya kubuni. Mtazamaji wa namna hiyo humhukumu mwigizaji kwa macho peke yake: anatazama uso, mabega, mwendo, na jinsi mkono unavyoshika kitu au kukiachia. Kwa kipimo hicho Nargis hakuwa na mpinzani. Awaara ya mwaka 1951 ilipopelekwa Urusi ya Kisovieti ilitiwa sauti za Kirusi, maana yake sauti yake mwenyewe iliondolewa yote, na bado watu wa kule walimpenda pamoja na mwigizaji mwenziwe Raj Kapoor kama vile ni watoto wao. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba kazi yake ilikaa mwilini.

Itazame Mother India kwa jicho hilo. Picha inaanza na bibi kizee aliyeombwa afungue mfereji wa maji kijijini, kisha inarudi nyuma hadi siku ya arusi yake. Nargis alizaliwa tarehe 1 Juni 1929. Sunil Dutt, aliyeigiza kuwa mwanawe Birju, alizaliwa tarehe 6 Juni mwaka huo huo. Mama ana siku 5 zaidi ya mwanawe! Na bado hakuna mtazamaji anayecheka wanapokabiliana, kwa kuwa Nargis hakutegemea nywele za kupakwa mvi peke yake. Alikuwa ameubadilisha mwili: bibi arusi wa mwanzo ana mikono isiyojua pa kukaa, mke aliyekimbiwa na mume anavuta jembe kwa kifua, na bibi kizee wa mwisho hukaa kana kwamba ardhi imemzoea. Mandhari ninayoirudia mara kwa mara ni ile ya baada ya mafuriko, anapokwenda kwa Sukhilala mkopeshaji akiwa na tope mwili mzima, watoto wake wana njaa, naye anajua vyema mzee yule anataka nini badala ya chakula. Tope limefunika uso, na kila kilichobaki kinasemwa na macho.

Sasa njoo kwa Meena Kumari. Katika Sahib Bibi Aur Ghulam ya mwaka 1962, kijana Bhootnath anapoitwa kwa mara ya kwanza chumbani kwa bibi mdogo wa nyumba kubwa, anaingia ameinamisha kichwa kwa haya. Nasi tunaona anachokiona yeye, yaani sakafu na miguu ya bibi, huku sauti yake ikitufikia kabla ya uso. Mwongozaji aliyepanga hivyo alijua ana nini mkononi. Sauti ile ni ya chini, ina pumzi ndani yake, na huchelewa kidogo kabla ya neno zito, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu. Aliijua Kiurdu kama mshairi, maana mshairi alikuwa kweli, akiandika kwa jina la Naaz, na mwishoni mwa maisha yake alirekodi mashairi yake mwenyewe pamoja na mtunzi Khayyam. Ukiitoa sauti hiyo, umemnyang'anya nusu ya kazi yake.

Kwa hiyo nadhani mamako na mama yako mdogo hawabishani juu ya waigizaji. Mmoja alikaa katika ukumbi wenye kelele na kutazama. Mwingine alikaa nyumbani karibu na deki, akausikiliza mkanda ule ule mara ishirini. Na sikio la Mswahili lina bahati yake, kwa sababu maneno mengi ya Kiurdu yanatoka chemchemi moja na yetu: sabr ni subira, zulm ni dhuluma, aib ni aibu, waqt ni wakati. Hata picha iliyomtoa Nargis kama mwigizaji mkubwa mwaka 1943 iliitwa Taqdeer, nasi tunasema takdiri. Anayesikiliza kwa makini hushika neno moja katika kila matano, na Meena Kumari ndiye aliyekuwa akiyatamka yakashikika.

Tahadhari moja kabla sijamaliza: usiwalinganishe kwa nyimbo. Mwimbaji Lata Mangeshkar aliwaimbia wote wawili, kama alivyowaimbia karibu waigizaji wote wa enzi ile. Kwetu hili husahaulika upesi, kwa kuwa mahadhi yale tuliyachukua tukayatia mashairi yetu katika taarabu, naye marehemu Juma Bhalo akatufanya tuyaone kuwa ni ya kwetu. Tukawa tunampa mwigizaji sifa ya mwimbaji.

Kijana wa Barani, Malindi, anajibu:

Mwalimu, kwa heshima yako, naona umempunja Nargis kwa kumsifu. Ukisema kazi yake ilikaa mwilini na ya Meena ilikaa katika lugha, msomaji ataondoka akidhani kwamba mmoja alikuwa na nguvu na mwingine alikuwa na akili.

Mimi natazama kitu kingine: nani anafanya, na nani anafanyiwa? Katika Andaz ya mwaka 1949, Nargis ni msichana tajiri ambaye ukarimu wake unadhaniwa kuwa ni mapenzi, na mwishowe ni yeye anayeshika bastola akampiga mwanamume asiyekubali kuelewa, kisha akaenda jela. Katika Awaara ni wakili, anasimama mahakamani kumtetea mtu wake na kumhoji hakimu ambaye ni baba wa mshitakiwa. Katika Mother India anampiga risasi mwanawe mwenyewe, kwa sababu mwanawe ameteka msichana wa kijiji siku ya arusi yake. Andaz na Mother India ziliongozwa na mtu mmoja, Mehboob Khan, na mara zote mbili silaha aliiweka mkononi mwa Nargis. Huwezi kumpa mwigizaji bunduki namna hiyo kama huamini kwamba mtazamaji ataamini.

Wahusika wa Meena Kumari, kwa jinsi ninavyowakumbuka, husubiri. Mume atarudi au hatarudi. Najua kwamba hilo ni kosa la waandishi, lakini binti anauliza tunatazama nini, nami natazama hilo. Ningekuwa wewe ningeonyesha Andaz. Ni fupi kidogo kuliko Mother India, ambayo ni karibu saa tatu, na watoto watalala.

Mama wa Mkomani, Lamu, anajibu:

Nimewasoma nyote, na nitajibu kwa urefu, mnisamehe, kwa kuwa kuna dhuluma moja ambayo Meena Kumari hufanyiwa kila anapotajwa, na Kijana wa Barani ameikaribia bila kukusudia.

Dhuluma yenyewe ni kusema kwamba hakuwa akiigiza. Kila mtu anakijua kisa chake: Mahjabeen Bano, mtoto aliyepelekwa studio kabla hajajua kusoma ili alishe nyumba, akaolewa na mwongozaji wa picha Kamal Amrohi mwaka 1952, wakaachana baada ya miaka kumi na kitu, akaingia katika pombe, akafa kwa maradhi ya ini tarehe 31 Machi 1972 kabla hajafikisha miaka 40. Kisha watu hutazama machozi yake katika picha na kusema, masikini, analilia maisha yake. Wakamwita malkia wa huzuni na wakadhani wamemsifu. Lakini fundi wa mlango wa nakshi akichonga ua, hatusemi kwamba ua limejichonga kwa sababu fundi ana bustani kwake. Ikiwa alikuwa akijililia tu, Azaad ya mwaka 1955 tutaiweka wapi? Na Miss Mary ya 1957, na Kohinoor ya 1960 alipocheza na Dilip Kumar katika vichekesho na hila za kifalme? Mwanamke yule alikuwa mwepesi, mwenye wakati wa kuchekesha usiokosea, anajua kuliacha neno lianguke kisha atazame pembeni. Huzuni aliichagua, au aliuziwa na watengenezaji waliojua kwamba inalipa, lakini aliijenga kwa ufundi ule ule.

Mnataka kipimo? Basi wapimeni kwa jambo moja lililowapitia wote wawili. Kila mmoja aliigiza mwanamke anayekunywa. Chhoti Bahu wa Sahib Bibi Aur Ghulam, yule bibi mdogo aliyemtaja Mwalimu, ni mke mcha Mungu wa nyumba ya kikabaila, mumewe hulala nje kwa wanawake wa kucheza, na anapomsihi abaki, mume anamuuliza kama ataweza kunywa naye kama wanavyokunywa wale. Anakunywa ili amweke nyumbani. Mara ya kwanza anaishika bilauri kama mtu anayeshika dawa chungu, na baadaye mume anapotaka aache, yeye hawezi tena. Nargis naye, katika Raat Aur Din, ni mke mpole mchana, na usiku anageuka mwanamke mwingine, anakwenda kwenye vilabu, anakunywa, anacheka na wageni, na asubuhi hakumbuki lolote.

Sasa tazameni wanavyofanya. Nargis anatuonyesha watu wawili, na mstari kati yao unaonekana wazi: mabega yanafunguka, hatua inarefuka, kidevu kinapanda. Ni kazi ngumu na aliifanya vizuri, na tuzo ya taifa hakupewa kwa upendeleo. Lakini Meena anatuonyesha mtu mmoja tu. Chhoti Bahu akilewa hageuki mtu mwingine, haya yake bado ipo, imezama tu, na kila dakika chache inaibuka juu ya maji na kumwaibisha. Anacheka kisha analikumbuka cheko lake. Nimeishi miaka mingi, na sijaona mwigizaji mwingine akionyesha mtu anayejiona akiharibika. Mwaka ule wa 1963 majina matatu yaliteuliwa kwa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike, na yote matatu yalikuwa ya Meena Kumari, kwa picha tatu tofauti: Aarti, Main Chup Rahungi na hii. Alishindana na nafsi yake.

Kuhusu kusubiri, Kijana wangu, nakubali kwamba wahusika wake husubiri. Lakini ukiitazama Pakeezah mpaka mwisho, utamwona mwanamke aliyealikwa kucheza kwenye arusi ya mtu anayempenda, naye anacheza juu ya vioo vilivyovunjika mpaka zulia linaingia damu. Huyo hasubiri tena. Raaj Kumar anayempenda katika picha hiyo ndiye yule yule aliyekuwa mume wa Nargis katika Mother India, aliyekatika mikono na kumwacha na watoto. Mtu mmoja amesimama mbele ya wote wawili: mtazameni yeye, mtaona kwamba kwa Nargis anapungua, na kwa Meena anatulia.

Pakeezah, iliyoongozwa na mumewe Kamal Amrohi, ilianzwa mwaka 1956, ikasimama walipoachana, ikafufuliwa mwaka 1969 na kuonyeshwa Februari 1972. Kwa hiyo katika picha moja mnamwona akiwa na miaka ishirini na kitu na akiwa na miaka thelathini na kitu, mgonjwa, hata baadhi ya sehemu za kucheza zikafanywa na Padma Khanna akiwa amefunikwa uso. Mwafaka wa kuifufua ulisaidiwa na nani? Na Sunil Dutt na Nargis, waliozitazama sehemu za zamani na kuona kwamba ni hasara kuziacha zioze. Na jambo la kunichekesha kila mara: katika picha hiyo Meena ni mama na ni binti, na yule mama anaitwa Nargis.

Basi binti asiwafanye wake wenza. Meena alipofariki, Nargis aliandika maombolezo kwa Kiurdu akimpongeza kwa kifo, maana aliona ndiyo raha ya kwanza aliyoipata. Aliyeandika hivyo alikuwa amemwelewa mwenziwe kuliko sisi tunaohesabu tuzo.

Ama swali la pili, la aliyeacha na asiyeacha, jibu langu ni kwamba Nargis aliweza kuacha. Aliolewa na Sunil Dutt mwezi Machi 1958, baada ya kuokolewa naye katika moto uliowaka wakati wa kupiga Mother India, na mama yake Jaddanbai, aliyekuwa mwimbaji na mtunzi wa muziki, alikuwa amemwachia jina na nyumba. Baadaye akawafanyia kazi watoto wenye ulemavu, akaingia bungeni mwaka 1980, na akafa kwa saratani tarehe 3 Mei 1981, siku chache kabla picha ya kwanza kubwa ya mwanawe Sanjay kuonyeshwa. Meena hakuwa na mahali pa kuachia. Kwa hiyo yeye ametuachia takriban picha 90, nyingi zikiwa hazifai kitu, na ndani ya zile zisizofaa kuna dakika tano za dhahabu ambazo hakuna anayezitafuta.

Kijana wa Barani, Malindi, anajibu:

Mama, nimepokea. Lile la fundi wa nakshi limenikaa. Bado naishikilia bunduki yangu.

Nyongeza moja: Nargis akiwa bungeni alimlaumu mwongozaji wa picha Satyajit Ray kwa kuwaonyesha wageni umaskini wa India. Mtu aliyepakwa tope na kuvuta jembe mbele ya dunia nzima, hata picha yake ikafika kugombea tuzo ya Oscar, anasema hivyo! Nadhani kwake Radha, yule mama wa Mother India, hakuwa maskini. Labda ndiyo siri ya jinsi alivyoigiza.

Mwalimu Mstaafu, Malindi, anajibu:

Hilo la mwisho ni neno kubwa kuliko ulivyokusudia, mwanangu. Nami nalirekebisha langu la kwanza, maana Mama wa Mkomani amenionyesha kwamba nilitenganisha mwili na sauti kama nyama na mfupa. Hata hivyo ningependa dai langu lijaribiwe badala ya kubishaniwa. Binti, kabla ya siku yenyewe, waonyeshe watu wachache mandhari ya mafuriko bila sauti, kisha mandhari ya Chhoti Bahu akiimba kumsihi mume, wimbo alioimbiwa na Geeta Dutt, lakini uanze mapema ili wayasikie maneno ya Meena mwenyewe. Kwanza bila sauti, kisha sauti bila picha. Utuletee habari.

Na ukitaka kuwalinganisha katika uzee, ipo Mere Apne ya mwaka 1971, picha ya kwanza ya Gulzar kuongoza, ambamo Meena ni bibi kizee mjane katikati ya vijana wakorofi wa mjini. Nargis alizeeka mbele ya kamera akiwa na miaka 28, na Meena akiwa na 38. Mmoja alizeeka kwa mgongo, mwingine kwa subira.

Binti wa Langoni, Lamu, anajibu:

Nawashukuru nyote, na nawaletea habari kama nilivyoagizwa. Tulifanya jaribio hilo Jumamosi usiku, tukiwa tisa: mamangu, mama mdogo, mimi, na wasichana sita wa mtaa ambao hawajawahi kuiona picha hata moja kati ya hizi.

Mandhari ya mafuriko bila sauti ilikwenda kama Mwalimu alivyosema. Wasichana walijua kila kitu. Mmoja alisema, "Anataka kujiuza kwa ajili ya watoto, lakini hatajiuza," naye alikuwa hajaambiwa hata jina la mhusika. Mama mdogo alinyamaza, na kwake huko ni kukiri.

Ya Chhoti Bahu bila sauti haikuwashika hivyo. Waliuona uzuri wake, wakasema wanja umemkaa, kisha wawili wakaanza kuzungumza mambo yao. Hapo nikaifunika projekta kwa kanga, tukabaki gizani na sauti peke yake. Mwalimu, hapa dai lako lilivunjika, tena vizuri: hakuna hata mmoja kati yao anayejua Kiurdu, hawakushika hilo neno moja katika matano, na bado walitulia wote, mpaka jirani akauliza dirishani kama kuna msiba. Kumbe sauti ile haihitaji kueleweka. Nilipoiondoa kanga, picha ile ile waliyoipuuza waliitazama hadi mwisho.

Lakini lililonishangaza zaidi ni mamangu. Katika ile zamu ya bila sauti, alipokuwa hana cha kusikiliza, aligundua kwamba Meena Kumari anauficha mkono wa kushoto. Akaniomba nirudishe nyuma. Akaona tena: mkono uko ndani ya ukingo wa sari, au nyuma ya nguzo, au umelazwa pembeni ambapo kamera haifiki. Nikamweleza kwamba mwaka 1951 alipata ajali ya gari iliyomharibu kidole kidogo cha mkono huo, na tangu hapo aliigiza akiuficha, miaka 20, picha baada ya picha, na hakuna ishara inayoonekana kupungukiwa. Mamangu, mtu wa Nargis tangu ujana wake, alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Mato yangu yalikuwa wapi?" Akataka tuzitafute zote alizonazo mama mdogo ili autazame mkono huo tu.

Mama mdogo naye, baada ya kusoma aliyoyaandika Mama wa Mkomani, anasema hataki tena tuonyeshe Mother India. Anataka Raat Aur Din ikae usiku wa kwanza na Sahib Bibi Aur Ghulam usiku wa pili, mwanamke anayekunywa mbele ya mwanamke anayekunywa, ingawa nina wasiwasi kidogo na kina mama wa mtaa watakavyoipokea pombe usiku mbili mfululizo. Ya pili tunayo. Ya kwanza, nakala tuliyopata sauti yake inakwaruza, na baada ya jaribio la Jumamosi siwezi kuionyesha hivyo. Kama kuna mmoja wenu Malindi au hapa Lamu mwenye nakala safi, nitashukuru kuiazima, na nitairudisha kwa mkono wangu.